Hanesi ya Kukwelea Miti: Namna ya Kuchagua Isiyokuumiza

Siku hiyo tulikuwa Tudor, hapa Mombasa, tunapogoa mwembe wa zamani ambao shina lake watu wawili hawalikumbatii. Nilikuwa juu tangu saa mbili asubuhi. Saa nne na nusu nikateremka kunywa maji, nikaweka mguu wa kulia chini, na mguu haukuwapo. Kwa macho niliuona, lakini paja lilikuwa limekufa ganzi kutoka nyonga hadi karibu na goti. Kijana wangu wa chini akacheka: "Fundi, leo umepitia kwa wagema kabla ya kuja kazini?" Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya gogo nikilipiga paja ngumi kama mtu anayepiga godoro.

Hanesi niliyovaa, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani inayombeba mpogoaji hewani, ilikuwa mpya, na haikuwa ya bei ya kutupa. Dukani niliivaa, nikazunguka mbele ya kioo, nikaona imenikaa. Kosa lilikuwa hapo hapo: niliijaribu nimesimama. Hanesi ya miti unaikalia, na mpaka uikalie kwa muda hujui kama ni yako. Mambo mengine yote nitakayoeleza hapa, vipimo, mikanda, pete na daraja, yanakutayarisha kwa jaribio hilo moja la kuning'inia.

Labda utasema wazee wetu wakwezi hawakuwa na haya makuu. Kweli. Ami yangu alikuwa mgema upande wa Mtwapa. Alipanda mnazi kwa vipandio alivyochanja kwenye shina, akagema, akateremka, na chai aliyoiacha jikoni ilikuwa haijachemka. Lakini mkwezi huushika mti kwa mikono na miguu, tena kwa dakika chache. Mpogoaji anakaa hewani saa tano au sita, mikono yote miwili ina kazi nyingine, na uzito wake wote pamoja na mashine ya kukatia na kamba unalala juu ya mikanda mitatu. Mikanda hiyo ikikuuma hutastahimili. Utaanza kuharakisha. Utalegeza bizimu kidogo "nipumue." Utakata tawi ukiwa umekaa upande, kwa sababu kukaa sawasawa kunauma. Nimeona msumeno ukimpita mtu karibu na goti kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni hanesi ya miti

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini ukaomba hanesi, utapewa ile ya mwili mzima, yenye mikanda ya mabegani na pete moja kubwa mgongoni. Ni kifaa kizuri kwa fundi wa jengo au mchoraji wa ukuta. Kazi yake ni kumdaka mtu aliyeanguka. Jaribu kuifanyia kazi mtini uone: pete ikiwa mgongoni, unaning'inia umeinamia mbele kama nguo iliyoanikwa, na huwezi kufikia chochote. Kwa vipimo vya Ulaya huandikwa EN 361.

Ya pili utakayokutana nayo, hasa kwenye mitumba, ni ya wanamichezo wa kukwea majabali, EN 12277. Ni nyepesi na inavutia. Lakini mikanda yake ni myembamba, haina pete za ubavuni, na aliyeitengeneza alimfikiria mtu anayening'inia kidogo kisha anaendelea kupanda kwa miguu yake. Nusu saa ndani yake mtini ni adhabu.

Ya tatu ni mkanda mtupu wa kiuno, usio na mikanda ya mapaja, kama ule waliozoea kuuvaa mafundi wa nguzo. Ukiwa umesimama kwenye nguzo unakusaidia kuegemea nyuma. Miguu ikiteleza, unapanda hadi kwenye mbavu na kukubana pumzi. Usiupandie mti ukiwa peke yake.

Unayoitaka wewe ina mkanda mpana wa kiuno, mikanda miwili ya mapaja, pete mbili ubavuni za kamba fupi ya kuzungushia shina, na mbele ina daraja, yaani kipande cha kamba au ukanda kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia, chenye pete inayoteleza juu yake. Kwenye lebo tafuta namba mbili pamoja: EN 358, ya kujishikiza unapofanya kazi, na EN 813, ya hanesi ya kukalia. Petzl ya Ufaransa, Edelrid ya Ujerumani na Teufelberger ya Austria ni baadhi ya wanaozitengeneza. Jina la kampuni lisikupumbaze. Hanesi anayoisifu mwenzako imekubali mwili wake, na mwili wake si wako.

Hatua ya pili: pima mwili, tena ukiwa na nguo za kazi

Azima futikamba ya fundi cherehani. Vaa suruali unayopandia miti, siyo kanzu wala kikoi. Pima sehemu mbili: kiuno, juu kidogo ya mifupa ya nyonga ile unayoiona ikijitokeza ukivuta tumbo, na paja, pale linapokutana na kalio. Andika kwa sentimita. Ukubwa wa "M" wa kampuni moja huweza kuwa "S" kwa nyingine, kwa hivyo herufi hizo zisikushughulishe. Soma jedwali la sentimita la hanesi unayoitaka.

Chagua ukubwa utakaokuweka katikati ya nafasi ya kurekebisha, usiwe mwisho wa mkanda. Hapa kwetu jambo hili lina sababu yake. Mwezi wa Ramadhani wengi wetu tunapungua, na hanesi iliyokuwa imefika mwisho wa kukaza mwezi wa Shaabani itaanza kuteleza kiunoni kabla ya kumi la kwanza kuisha. Halafu ikija Idi na biriani zake, mambo yanageuka. Ukiikaza vizuri na bado umebakiwa na ukanda wa kuvuta pande zote mbili, wa kukaza na wa kulegeza, ukubwa huo ni wako.

Hatua ya tatu: mkanda wa kiuno

Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, kama mtungi unavyokaa juu ya kata. Ukikaa chini yake, ukining'inia utapanda na kuisugua mifupa hiyo. Ukikaa juu mno, unaingia kwenye mbavu kila unapoinama.

Ganzi yangu ya Tudor ilitoka hapa. Karibu na mfupa wa mbele wa nyonga kuna mshipa wa fahamu unaoshuka hadi ngozi ya nje ya paja. Mkanda mkali au wa ukingo mgumu ukiukandamiza kwa muda mrefu, paja la nje linawaka au linakufa ganzi, hata kama mkanda wa paja wenyewe hauna kosa lolote. Mimi nililaumu mikanda ya mapaja wiki nzima, nikailegeza, nikaikaza, nikaikunjia leso chini yake. Leso ikakunjamana ikawa uvimbe, nikawa na tabu mbili badala ya moja. Ukipata ganzi upande wa nje wa paja, angalia kiunoni kwanza.

Upana ni suala la mabadilishano. Mkanda mpana mgongoni unautegemeza mgongo unapoegemea nyuma kwenye kamba fupi, na anayekata mivinje ya ufukweni, iliyonyooka kama mlingoti, ataushukuru. Lakini mkanda mpana ni joto. Mwezi wa Februari na Machi, kaskazi inapoishia na hewa imesimama, sponji nene iliyofunikwa nguo nzito inakuwa kama kuvaa blanketi mvua. Tafuta yenye wavu upande wa ndani na mifereji ya kupitisha hewa. Sponji iwe ngumu kiasi. Ile laini inayobonyea kwa kidole ni tamu dukani, na baada ya miezi michache imeshakuwa chapati.

Kabla hujaenda mbali, uvae ukiwa chini, ufunge, kisha inua goti moja hadi karibu na kifua, geuka kulia na kushoto, chuchumaa. Ukichomwa mahali popote katika hayo, irudishe rafuni. Ikikuchoma ukiwa chini, juu haitakuhurumia.

Hatua ya nne: mikanda ya mapaja

Kuna mitindo miwili. Mmoja una mikanda miwili iliyotengana, kila paja na wake. Wa pili una kiti, yaani ukanda mpana au ubao mwembamba unaopita chini ya makalio yote mawili. Kiti ni raha kwa kazi ya kukaa: kupogoa vitawi, kushusha nazi na makuti kwenye uwanja wa hoteli, kusubiri mtu wa chini afungue kamba. Lakini ukitembea juu ya tawi au ukiruka kutoka panda moja hadi nyingine, kinakusukuma kwa nyuma na miguu haifunguki. Miti mingi tunayofanyia kazi hapa, miembe, mikwaju na mikungu, imetanda kwa upana, kwa hivyo mimi napendelea mikanda iliyotengana. Mwenzangu ambaye kazi yake kubwa ni minazi hasikii habari yoyote isipokuwa kiti. Sote tuna haki.

Mkanda wa paja ukae juu, karibu na mkunjo wa kalio, na unapokalia uzito uwe nyuma ya paja, usihamie ndani. Kiganja kilichonyooka kipite kati ya mkanda na paja, ngumi isipite. Bizimu liwe mbele au nje. Likiwa ndani ya paja, kila hatua ni mkwaruzo, na jasho la Mombasa likichanganyika na mkwaruzo, usiku utalala umetanua miguu.

Sasa lile ambalo watu hawalisemi. Wanaume, panga mambo yenu kabla ya kuning'inia, na ukubwa wa hanesi usibane kinena. Mwenye ngiri au busha, na haya si maradhi ya ajabu Pwani yetu, amwone daktari kabla ya kuvaa mikanda hii. Wanawake wanaoingia kazini, na wameanza kuingia, nyonga zenu huwa pana kuliko kiuno, kwa hivyo tafuteni hanesi ambayo umbali kati ya mkanda wa kiuno na mikanda ya mapaja unarekebishika, mbele na nyuma. Umbali huo ukiwa mfupi, mikanda ya mapaja inavutwa juu. Ukiwa mrefu, mkanda wa kiuno unateremka.

Na majimoto, wale chungu wakali wa mitini. Ukipanda mwembe wenye viota vyao watakupanda pia, na wakiingia katikati ya sponji na paja huna pa kukimbilia. Wavu wenye matundu makubwa unawapa njia. Hili sijaliona katika maelezo ya kampuni yoyote, lakini limenifanya nikatae hanesi moja nzuri sana.

Hatua ya tano: daraja na pete

Daraja ndilo linalokubeba. Likiwa fupi, fundo lako la kupandia na kushukia au kifaa chako cha kamba kiko karibu na kifua na mkono unakifikia bila kujinyoosha. Likiwa refu, kiuno kinageuka kwa uhuru na unafika mbali kwa ubavu, lakini fundo linakwenda juu, na kila ukijivuta unapoteza nafasi. Anza na urefu unaokuwezesha kushika fundo ukiwa umening'inia na kiwiko kimekunjika. Hanesi nzuri inaruhusu daraja kurekebishwa, na pia kutolewa na kuwekwa jipya, kwa sababu ndilo linaloisha kwanza: pete inakwenda na kurudi juu yake siku nzima. Kabla ya kununua uliza kama daraja la akiba la mtengenezaji linapatikana. Usije ukalitengeneza mwenyewe kwa kamba ya katani au ya mashua. Bahari ina kamba zake na mti una zake.

Fikiria pia unavyopanda. Kama unatumia kamba inayokimbia, yaani inayopita juu ya panda na kurudi kwako, hanesi ya kawaida inatosha. Kama unapanda kamba iliyosimama, yaani iliyofungwa isisogee, kwa kifaa cha kifuani, unahitaji mikanda ya mabegani inayoshika kifaa hicho wima, na kuna matoleo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Petzl, kwa mfano, wana Sequoia ya kawaida na wana Sequoia SRT ya kamba iliyosimama. Mikanda ya mabegani ina faida nyingine: inazuia mkanda wa kiuno kushuka unapobeba mashine.

Pete za ubavuni zisikae mbele sana wala nyuma sana. Ukiegemea nyuma kwenye kamba fupi, mvuto utoke pembeni ya nyonga. Zikiwa mbele, mkanda unakubana tumbo.

Vitanzi vya kuning'iniza vifaa vitatu au vinne vinatosha. Ukipewa kumi utabeba vitu kumi.

Hatua ya sita: ining'inie

Hapa usiharakishwe na mtu. Muuzaji mwenye duka la maana atakuwa na boriti au ndoano ya dari ya kuijaribia. Asipokuwa nayo, au ukiagiza kutoka Nairobi au ng'ambo, kubalianeni kabla ya kulipa kwamba hanesi ikirudi safi na lebo zake, pesa zinarudi. Mapatano hayo yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Nyumbani tafuta tawi nene na zima, mwarobaini ulio hai ni mzuri, funga kamba yako ya kazi, na ujipandishe mpaka nyayo ziwe karibu kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini. Usiwe peke yako. Mtu akining'inia bila kutikisika, damu inakaa miguuni, na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Kwa hivyo wakati wote wa jaribio chezesha miguu, na uwe na kitanzi cha kukanyaga pembeni. Ukihisi kichefuchefu, kizunguzungu au jasho baridi, teremka pale pale.

Kaa nusu saa. Dakika tano za mwanzo hazikuambii chochote, kila hanesi ni tamu kwa dakika tano. Yangu ya Tudor ningeijua ilipofika dakika ya kumi na mbili. Katika nusu saa hiyo fanya kazi ya uongo kama mtoto anayecheza. Kaa wima. Kisha zungusha kamba fupi kwenye shina, ukanyage shina, uegemee nyuma. Jinyooshe kulia kana kwamba kuna kitawi cha mwisho unachokitaka, kisha kushoto. Ning'iniza mashine upande mmoja ikiwa na mafuta lakini imezimwa, au galoni la lita tano lenye maji kama huna mashine, kwa sababu uzito wa upande mmoja ndio unaofichua mkanda unaohama. Jivute juu mara kumi, ujishushe mara kumi. Halafu tulia, ukichezesha miguu tu, usikilize mwili.

Utasikia maumivu ya namna mbili na lazima uyatofautishe. Kuna kuelemewa kulikoenea, kama ulivyokalia kiti cha matatu kutoka Mombasa hadi Malindi. Huko ni kawaida na kunapungua mwili ukizoea. Kuna kuchomwa mahali pamoja, au kuhisi kama sindano nyingi, au ganzi, au mguu kubadilika rangi. Hayo hayazoeleki. Rekebisha mkanda mmoja kwa wakati mmoja, ujaribu tena. Ukirekebisha mara tatu na bado liko pale pale, hanesi hiyo si yako, hata kama imepunguzwa bei.

Ukishuka, vua suruali faraghani uangalie ngozi. Alama nyekundu pana, iliyofifia, ni sawa. Mstari mwembamba mkali unaonyesha kwamba ukingo wa mkanda unakukata.

Hatua ya saba: mitumba, umri na pesa

Soko la Kongowea utapata kila kitu, na mara moja moja utaona hanesi ya jina kubwa imetupwa juu ya rundo la mikoba. Najua inavyotamanisha. Mimi mkanda wa kupandia usio na historia siununui. Nailoni inadhoofishwa na jua, na asidi ya betri huweza kuila bila kuacha alama unayoiona, na hakuna wa kukuambia kama mwenyewe aliangukia nayo. Petzl kwa vifaa vyao vya nguo na plastiki wanaweka ukomo wa miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kimelala kabatini. Tarehe iko kwenye lebo. Lebo imekatwa? Endelea na safari yako, katafute viatu.

Ukiajiriwa na kampuni, kumbuka kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Hanesi haipaswi kutoka kwenye posho yako. Lakini omba uijaribu wewe. Hanesi moja ya "watu wote" inayorithishwa kutoka jasho hadi jasho haimkai mtu yeyote. Na ukijitegemea kama mimi, ihesabu kwenye bei ya kazi. Mwenye nyumba wa Nyali anayebishana nawe kwa shilingi mia tano hajui kwamba umening'inia juu ya paa lake kwa mkanda. Mweleze kwa adabu.

Hatua ya nane: ilinde na chumvi

Raha ya hanesi inaisha kabla ya nguvu yake, na kwetu inayoimaliza ni chumvi. Jasho likikauka ndani ya sponji linakuwa msasa. Upepo wa bahari unaweka unga mweupe kwenye pete za alumini na kuyafanya mabizimu yawe mazito kufunguka. Kila mwisho wa wiki, na kila siku unapofanya kazi ufukweni, isuuze kwa maji baridi. Na hapa wengi wanajidanganya: maji ya kisima cha uani, hapa kisiwani na pembezoni mwake, mara nyingi yana chumvi. Yaonje. Kama yana ladha, tumia ya muuza maji. Sabuni iwe laini ya nguo, kidogo. Jiki usiikaribishe. Ianike kivulini penye upepo, siyo juu ya mabati, na usiiweke kwenye buti la gari pamoja na mtungi wa petroli.

Kila asubuhi kabla ya kuvaa, pitisha vidole kwenye mishono yote na kwenye daraja. Mshono ulioachia, ukanda uliokatika ukingoni, sehemu iliyokakamaa au kung'aa kwa kuungua, vyote ni sababu ya kutopanda. Kule Uingereza kanuni za 1998 za vifaa vya kuinulia zinataka vifaa vinavyobeba mtu vikaguliwe na mjuzi kila miezi 6. Nimeuazima utaratibu huo: mwezi wa Januari na wa Julai nampa mwenzangu yangu naye ananipa yake, kwa sababu macho ya mwenyewe hupenda kusamehe.

Hatua ya tisa: wiki mbili za mwanzo

Usiizindue kwenye mbuyu wa Mama Ngina. Anza na mti mfupi, kazi ya saa moja, mbali na nyaya. Nyaya zikiwa karibu, kwa hanesi yoyote ile, kazi ni ya Kenya Power kuzima kwanza. Mikanda mipya huteleza kidogo kwenye mabizimu mpaka ikae, kwa hivyo ikague kila ukiteremka. Utakapoupata urefu unaokufaa, weka alama kwa uzi wa rangi uliofungwa kwenye ncha ya ukanda, bila kutoboa. Kalamu ya wino usiichoree mkanda. Dawa iliyomo ndani ya wino huweza kuula.

Ile ya Tudor niliiuza? La. Ilikuwa nzima, ningeweza, na wapo walioitaka. Ilimkaa vizuri mtu wangu wa chini, mwembamba wa nyonga, baada ya kuning'inia nusu saa nzima kwenye mwarobaini wa nyumbani huku mama yake akimuuliza amefanya kosa gani. Aliitumia miaka minne. Daraja likabadilishwa mara mbili, kisha mshono wa paja la kushoto ukaachia, tukaikatakata kwa kisu vipande vya urefu wa mkono ili asije mtu akaiokota jalalani akaipandia mti. Kipande kimoja mtoto wa jirani alikiomba, akamfungia mbuzi wake.